Mnamnunulia mzee gari? Kiti kipimwe kabla ya injini

Kumnunulia mzazi gari ni jambo la baraka, na familia nyingi hulifanya kwa moyo mweupe. Kliniki ya presha iko mbali, kanisani au msikitini ni mwendo, na daladala haimfai mtu anayetembea kwa woka, ile fremu ya miguu minne ambayo mzee huinyanyua au kuisukuma mbele yake kila hatua. Watoto wanakubaliana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, michango inaanza, na ubishi wa gari gani linunuliwe unashika kasi.

Kaka mkubwa anataka gari la juu, kwa kuwa barabara ya nyumbani ni mbovu na mama ni mtu wa heshima. Dada anataka linalokula mafuta kidogo. Mdogo wao anaulizia vipuri na bei ya kuliuza baadaye. Wote wana hoja. Asiyeulizwa kitu ni mama mwenyewe, na kisichopimwa na yeyote ni urefu wa kutoka ardhini hadi kwenye siti.

Matokeo yake huonekana polepole. Gari linafika, linaombewa, picha zinapigwa. Wiki ya pili mama anaambiwa ajiandae kwenda kliniki, anajibu, "Nendeni tu wanangu, leo sijisikii." Jumapili anasema atasikiliza ibada redioni. Harusi ya mjukuu anatuma zawadi. Nyumbani wanadhani ni maradhi au uzee, kumbe mama anakumbuka siku ya kwanza alivyopandishwa: mwanawe akimshika kwapani na mkwewe wa kiume akimsukuma kwa nyuma, majirani wakiangalia. Kwa mama aliyelelewa kwenye mila ambazo mkwe hamgusi mkwewe, siku hiyo haisahauliki. Hatalalamika, maana watoto wamejinyima. Atabaki nyumbani.

Zaidi ya aibu, ipo hatari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vya majeraha yasiyokusudiwa duniani, na wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mlangoni mwa gari ndipo mzee anapoiacha woka yake, anageuka, anainama na kunyanyua mguu, yote kwa wakati mmoja. Gari lisilomfaa linaifanya hatua hiyo iwe ngumu kila anapotoka.

Vipimo vinaanzia sebuleni

Kabla ya kwenda yadi au kufungua tovuti za magari ya Japani, familia ianze na futi kamba nyumbani. Kila mzee ana kiti kimoja anachokipenda, ambacho hukaa na kunyanyuka bila kuvutwa mkono. Kiti hicho kipimwe kutoka sakafuni hadi juu ya mto wake, mtu akiwa ameukandamiza kidogo. Hicho ndicho kimo ambacho mwili wa mama umeshakizoea, na siti ya gari isiwe chini yake.

Kipimo cha pili achukuliwe akiwa amesimama na woka, amevaa viatu anavyotoka navyo. Akirudi nyuma hadi ukingo wa siti umguse, mguso huo uwe juu ya goti, katikati ya paja au zaidi kidogo. Ukimgusa chini ya goti, atalazimika kujidondosha, na kutoka kutakuwa kazi mara mbili. Ukiwa juu kuliko makalio yake, hawezi kukaa. Itabidi apande, na kupanda ndiko kunakohitaji mguu mmoja ubebe mwili wote.

Kwa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga jambo hili ni la kitabibu kabisa. Wengi wao huelekezwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kutokaa mahali pa chini ambapo magoti yanapanda juu kuliko nyonga. Maelekezo hayo yaulizwe hospitali kabla ya kuchagua gari.

Aliyepata kiharusi naye ana lake. Kwenye kiti cha mbele cha abiria, ambacho kwetu kiko kushoto, mtu anayekaa kinyumenyume akigeukia mbele huingiza mguu wa kulia kwanza, na wakati wa kutoka hutanguliza wa kushoto. Kama upande wa kulia ndio dhaifu, msaidizi ajue kuwa mguu huo utahitaji kunyanyuliwa kwa mkono, au mzee ajaribu kuingilia mlango wa nyuma upande wa dereva aone upi ni rahisi kwake.

Gari la juu, gari la chini

Hoja ya kaka mkubwa si ya kupuuzwa. Mitaa mingi haina lami, na masika yakikolea gari la chini linakwama. Lakini Prado au pikapu ya milango minne humtaka mama apande ngazi. Kile kibao cha kukanyagia pembeni ni chembamba, kikilowa kinateleza, na hakina nafasi ya kuweka miguu minne ya woka. Kumwekea stuli ardhini ni kumwongezea hatua nyingine isiyo na pa kushika.

Upande wa pili, magari ya heshima ya chini kama Crown na Mark X yanamdumbukiza. Kuingia anaingia, shughuli ni kutoka. Wish nayo watu huipenda kwa kubeba watu wengi, lakini siti zake ziko chini kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Yanayowafaa wengi ni yale ya katikati, yenye paa lililoinuka na sakafu isiyo juu sana, kama IST, Spacio na Rumion. Kwa mzee mrefu, RAV4 au Harrier huweza kuwa sawasawa na makalio yake, wakati kwa mama mfupi magari hayohayo ni mlima. Ndiyo maana jibu la jirani, "sisi tulimnunulia mzee wetu hili na analipenda," haliisaidii familia nyingine mpaka ijue kimo cha huyo mzee.

Barabara ikiwa mbaya kweli, familia ijiulize swali jingine: gari litasimama wapi? Pengine ni nafuu kumwaga kifusi cha mita chache mbele ya geti kuliko kununua gari la juu kwa ajili ya shimo moja.

Mlango na kinachouzunguka

Mlango mzuri ni ule unaofunguka sana na kubaki umesimama wenyewe bila kurudi. Mzee asiuegemee, kwa sababu mlango unacheza, lakini upana wake ndio unaomruhusu msaidizi asimame pembeni bila kubanana naye. Milango ya nyuma ya magari madogo mara nyingi huwa myembamba, na siti ya mbele ya abiria huweza kusukumwa nyuma hadi mwisho. Hivyo kwa mzee mwenye woka, mbele huwa ndiko kwenye nafasi, hata kama familia imezoea kumketisha mkubwa nyuma.

Vitu vingine vya kukagua ni hivi. Kishikio cha juu ya mlango kiwepo na kiwe kizima. Kizingiti cha chini kisiwe kimeinuka sana kuliko sakafu, maana hapo ndipo vidole vya mguu hukwama. Siti isiwe na kingo zilizotuna pembeni kama za magari ya mbio. Kingo hizo humzuia mtu kugeuka. Mkanda ufikike, na mzee aweze kuufungua mwenyewe.

Japani, nchi yenye wazee wengi, ilishafikiria mambo haya, na baadhi ya magari yake yako hapa nchini bila watu kujua sifa zake. Toyota Raum ya toleo la pili, iliyotoka mwaka 2003, ikifunguliwa milango yote miwili ya kushoto huacha uwazi mmoja mpana, kwa kuwa haina nguzo katikati. Toyota Porte, iliyotoka mwaka 2004, na Spade iliyofuata mwaka 2012, upande wa abiria zina mlango mmoja mkubwa wa kuteleza kama wa Hiace, na sakafu yake iko chini. Sienta ina milango ya kuteleza pande zote mbili kwa wanaokaa katikati. Mlango wa aina hiyo ni msaada mkubwa kwenye maegesho yaliyobana. Noah na Voxy zinao pia, ila familia ipime vizuri, kwa kuwa sakafu zake ziko juu zaidi na mama anaweza kuhitaji kupanda.

Yapo pia magari yaliyotengenezwa maalumu, ambayo Toyota huyaita Welcab. Mengine yana siti inayozunguka na kutoka nje, mengine yana njia ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu. Yanapatikana kama magari mengine yaliyotumika, lakini mota ya siti ijaribiwe mara kadhaa, juu na chini, na familia ijue mapema fundi umeme atakayeitengeneza ikigoma.

Woka itakaa wapi?

Hili husahaulika hadi siku ya safari. Woka ya kawaida isiyo na magurudumu ni nyepesi na hukunjwa ikawa bapa. Ile ya magurudumu manne yenye breki na kikalio ni nzito, na hata ikikunjwa bado ni kubwa. Ipimwe ikiwa imekunjwa, urefu, upana na unene, kisha vipimo hivyo viende yadi pamoja na mnunuzi.

Kwa miaka ya karibuni magari mengi ya Dar es Salaam yamefungwa mfumo wa gesi asilia ili kupunguza gharama za mafuta. Ni uamuzi mzuri kwa mfuko, lakini mtungi hukaa kwenye buti, na buti la gari dogo likishapokea mtungi halina tena nafasi ya woka. Familia inayonunua gari lenye gesi tayari, au inayopanga kulifunga, ilijaribu buti likiwa na mtungi wake.

Woka isiwekwe siti ya nyuma bila kufungwa. Dereva akikanyaga breki ghafla, chuma hicho kitaruka mbele kwenye vichwa vya watu. Kama buti halitoshi, ilazwe sakafuni nyuma ya siti ya mbele, au ifungwe kwa mkanda.

Wazazi wenye watoto wadogo wana hesabu ya ziada, kwa sababu gari hilo hilo asubuhi linapeleka watoto shule. Bibi akikaa mbele na siti yake ikarudishwa nyuma hadi mwisho, anayekaa nyuma yake hana pa kuweka miguu. Hapo akae mtoto mdogo zaidi kwenye kiti chake kilichofungwa, kama bado kinaingia, na kaka yake ahamie nyuma ya dereva. Mabegi ya shule nayo yana haki ya buti. Siku ya kujaribu gari, wapakiwe wote: bibi, watoto, mabegi na woka.

Mama aende kujaribu mwenyewe

Wapo wanaotaka gari liwe zawadi ya kushtukiza. Kwa mzee mwenye woka, mshtuko huo ni wa hasara. Mama apelekwe kwenye gari kabla fedha hazijalipwa, aingie na kutoka mara tatu. Mara ya kwanza kila mtu hujikaza, hasa mbele ya muuzaji. Ya tatu ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu tayari amechoka kidogo kama atakavyokuwa akitoka kliniki. Asiulizwe, "Mama, umelipenda?" Atasema ndiyo. Aulizwe, "Ungekuwa peke yako na dereva usiyemjua, ungeingia?"

Kwa wanaoagiza moja kwa moja kutoka Japani, picha hazionyeshi kimo cha siti, na ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Njia ya kujikinga ni kutafuta gari la toleo hilohilo hapa mjini: la jirani, la mfanyakazi mwenzako, hata la teksi ya mtandaoni, ambazo programu zake huonyesha aina ya gari linalokuja. Nauli ya safari moja ni ndogo kuliko hasara ya kuuza gari lisilofaa.

Suala la kodi nalo liangaliwe mapema. Umri wa gari na ukubwa wa injini vyote hugusa kiasi kinacholipwa bandarini, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo kwenye tovuti yake. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kipengele cha msamaha kwa watu wenye ulemavu, chenye masharti yake. Kama mzee anatambulika hivyo kitabibu, ofisi ya TRA iulizwe kwa maandishi kabla ya gari kuagizwa, si likiwa tayari limefika.

Kama gari lipo tayari

Familia nyingi hazina uwezo wa kubadilisha gari, na hata lililopo linaweza kuboreshwa. Siti ya chini huinuliwa kwa mto mgumu usioteleza. Godoro laini halifai, linazama. Kwa mzee anayeshindwa kugeuka, kitambaa cha kuteleza kama satini hutandikwa juu ya siti ageukie hapo, kisha huondolewa kabla ya safari ili asiteleze chini ya mkanda. Kipo pia kishikio kidogo cha chuma kinachochomekwa kwenye kile chuma cha umbo la U ambacho kitasa cha mlango hukishika. Mzee hukisukumia chini wakati wa kunyanyuka. Kabla ya kukinunua, familia ihakikishe kinaingia kwenye gari lao na kinabeba uzito wake.

Namna ya kumsaidia nayo ina utaratibu, na kila anayeendesha gari hilo aujue, kuanzia baba hadi dada wa kazi anayemsindikiza bibi. Gari lizimwe na breki ya mkono ivutwe. Lisiegeshwe pembeni kabisa mwa mtaro, kwa kuwa mlango wa abiria ndiko unakofungukia na woka inahitaji ardhi tambarare ya kusimamia. Mama arudi nyuma na woka yake hadi siti imguse, mkono mmoja ushike dashibodi au siti, akae kwanza, ainamishe kichwa, ndipo miguu yote miwili iingie. Woka iondolewe akishakaa. Wakati wa kutoka, woka ifike kwanza: ikunjuliwe, ifungwe sawasawa, breki zivutwe kama inazo, iwekwe mbele yake. Anyanyuke kwa kusukuma siti, asijivute kwa woka, maana itampindukia.

Msaidizi asimvute mikono wala kumbeba kwapani. Humuumiza bega, na wakiteleza wanaanguka wote. Kazi yake ni kusimama karibu, kuzuia kichwa kisigonge paa, na kunyanyua mguu pale tu anapoombwa. Mama apewe muda. Dereva anayepigiwa honi kwa nyuma avumilie, au atafute mahali pengine pa kusimama.

Wanaoishi na wazee wao wanaweza kuanza kazi hii leo jioni bila shilingi. Futi kamba moja, kile kiti cha mama cha sebuleni, na gari lolote lililoegeshwa jirani. Vipimo viandikwe na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla picha ya gari lolote haijatumwa. Mjadala wa rangi na injini uendelee baada ya hapo, mama naye akiwa ndani ya kundi.